Siku moja maishani mwangu: chaki, kaunta buku na baiskeli ya baba

Saa 11:00 alfajiri. Muadhini ndiyo kwanza anaanza, nami nipo jikoni na kaunta buku yangu. Dakika ishirini tu kabla sijawaamsha watoto. Naandika habari za baiskeli ya marehemu baba. Nimepata sentensi nne, na ya kwanza inanikera, sijui kwa nini.

Saa 12:30. Natoka Ngamiani, hapa Tanga, kwenda shuleni ninakofundisha. Wiki hii zamu si yangu, alhamdulillahi.

Saa 2:40. Kidato cha Pili, vipindi viwili mfululizo, wanafunzi 62. Insha. Zamani ningeandika kichwa ubaoni, nikakaa kusahihisha madaftari ya darasa jingine. Miaka kumi na moja nimefundisha utangulizi, kiini na hitimisho, na tangu nitoke chuo sikuwa nimeandika insha yangu hata moja. Fundi cherehani asiyeshona, nani angempelekea kitambaa?

Siku hizi naandika pamoja nao. Leo nimenakili ubaoni zile sentensi za alfajiri kama zilivyo. Ya kwanza: “Baiskeli ni chombo cha usafiri chenye magurudumu mawili.” Wakacheka, maana ndivyo wanavyoanza wao, hata embe lazima lipewe maana kwanza. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye sauti yake huisikii wiki nzima, akanyoosha mkono. “Mwalimu, hizo za juu zifute. Anzia pale mnyororo ulipokatika Mabanda ya Papa.”

Hiyo ilikuwa sentensi ya nne. Nikafuta tatu mbele yao. Kidogo nikasikia kalamu zinakwaruza: nao wanakata mistari yao, hawaogopi daftari kuchafuka.

Saa 4:30. Chai na mihogo ya kukaanga. Mwalimu wa Hisabati ananitania, “Shaaban Robert wa kike!” Namkumbusha kuwa huyo mzaliwa wa Vibambani, hapa hapa Tanga, alianza kazi mwaka 1926 akiwa karani wa forodha. Naye alikuwa na mwajiri kama sisi.

Saa 9:30. Walimu wanne chini ya mwembe, kila mtu na ukurasa wake. Wazo tumeliokota Marekani: mwaka 1974, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, James Gray aliwakusanya walimu waandike wenyewe na wafundishane. Sisi tuna mwembe, kahawa na kashata. Nilipomaliza kusoma, mwenzangu akasema, “Dada, baba yako mimi sijamwona hapa.” Liliniuma mpaka masikioni. Nikakumbuka ni mara ngapi nimemwandikia mtoto kwa wino mwekundu: “Haieleweki! Rudia.”

Saa 2:00 usiku. Nasahihisha. Sidanganyi mtu: Mtihani wa Taifa hauulizi kama mwalimu anaandika, na kwenye azimio la kazi niko nyuma mada mbili. Tahajia naikata alama kama kawaida. Ila pembeni sasa naandika swali: “Ulipomwona yule nyoka, mkononi ulikuwa na nini?”

Daftari la kijana wa nyuma limenifikia la mwisho. Chini ya insha ameniuliza: “Mwalimu, mnyororo ulipokatika baba alisemaje?”

Hakusema kitu. Nilikuwa na miaka sita, nimekaa kwenye keria, na alinisukuma hivyo hivyo mpaka nyumbani. Hilo sikuliandika popote.