Dalili isiyosingizia ugonjwa mwingine

Kuna neno la kitabibu nalipenda tangu niko chuo, pathognomoniki. Ni dalili ambayo ukiikuta kwa mgonjwa ugonjwa ushaujua, maana hakuna mwingine unaoileta. Asili yake Kigiriki, pathos ni ugonjwa au mateso, gnomon ni mwenye kujua, mwamuzi, na hata kile kijiti cha saa ya jua kinachoonyesha muda kwa kivuli kiliitwa gnomon hivyohivyo.

Mfano wake mzuri ni surua. Mtoto analetwa ana homa, makamasi, macho mekundu, anakohoa, na huku Mbeya mwezi wa sita na wa saba baridi ikikaza watoto kibao wa Uyole wako hivyohivyo, sasa utajuaje? Unawasha tochi, unamwambia mama mshikilie kichwa vizuri, unavuta shavu taratibu unaangalia kwa ndani, pale shavu linapogusana na magego. Ukikuta vidoa vyeupe vidogo kama punje za chumvi, vimekaa juu ya wekundu, hiyo ni surua, na vipele vya mwilini bado hata havijatoka, vinakuja kesho au keshokutwa. Aliyevieleza ni daktari wa watoto wa New York, Henry Koplik, mwaka 1896, ndo maana vinaitwa madoa ya Koplik. Na kuviona mapema kuna faida kubwa jamani, mtoto wa surua anaanza kuambukiza siku kama 4 kabla ya vipele, kwa hiyo unamtoa kwenye foleni haraka asikae benchi moja na vichanga ambao hawajafika miezi 9 ya chanjo ya kwanza.

Ila usipoviona usiseme si surua, vinapotea upesi.

Sasa homa haiko hivyo kabisa. Mtu akichemka tu anakuja, "dokta malaria imenipanda, niandikie mseto." Mjini hapa tuko mita kama 1,700 juu, baridi hii mbu wa malaria haipendi, Kyela kule ziwani ndo habari nyingine. Homa hiyohiyo inaweza ikawa nimonia, ikawa UTI ya njia ya mkojo, ikawa taifodi. Ndo maana nakuuliza umesafiri wapi wiki hizi, halafu nakutoboa kidole, na mseto sikuandikii mpaka kipimo kisome malaria, hata ukinuna.