Wimbo Mmoja wa Upande B

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii Ufunuo 2:4 imenielemea: "umeuacha upendo wako wa kwanza." Nawaza kwaya zilizotulea kiroho, zile za kanda, zilizosikika Jumapili asubuhi hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma. Kanda zimebaki kabatini, na sisi tumezisahau.

Anayetaka kuirudia kwaya yake mara nyingi hufungulia nyimbo zote huku anapika. Ukifika wa tatu, hasikii neno tena. Chukua mmoja tu, ule unaokuchoma mpaka leo. Ukiwa kwenye kanda, itazame kwanza, maana unyevu wa ziwa huotesha ukungu kwenye utepe. Ukiona vidoa vyeupe, usiipige. Ikiwa safi, izungushe kwa kalamu hadi utepe ukaze. Pitisha pamba yenye spiriti kwenye hedi, yaani kichwa kinachosoma utepe, na kigurudumu cha mpira, kwa sababu uchafu wa hapo ndio unaofanya redio imeze utepe. Weka betri mpya pia. Zilizochoka hupunguza mwendo, na sauti ya kwanza ya wanawake inashuka kama teno ya wanaume.

Kisha usikilize mara nne, kila mara ukifuata sauti moja, kuanzia ya kwanza hadi besi. Paulo alisema ataimba kwa roho, tena kwa akili pia.

Tuchukue "Nionapo amani kama shwari", wa kitabu cha Tenzi za Rohoni. Maneno yake ya Kiingereza ni ya Horatio Spafford, wakili wa Chicago. Tarehe 22 Novemba 1873 meli Ville du Havre iligongwa na kuzama Atlantiki, na mabinti zake wanne wakafa maji. Mkewe Anna akaokolewa. Philip Bliss aliutungia sauti mwaka 1876. Kwa Kiingereza amani hiyo imefananishwa na mto. Aliyetutafsiria akaweka shwari, neno la watu wa majini! Mvuvi wa Igombe haelezwi shwari ni nini, wala haelezwi jinsi inavyovunjika ghafla. Na Mwanza hii, yenye makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba pale Igoma tangu Mei 1996, haiimbi tenzi hii kama habari ya ng'ambo.

Hapa niseme wazi, wapendwa, tunakosea. Msibani tunaimba ubeti wa kwanza na kiitikio, "Ni salama rohoni mwangu", tunakaa. Ubeti wa tatu tunauruka, ule wa dhambi zote, wala si nusu, kuwekwa msalabani. Huo ndio unaoubeba wa kwanza! Spafford hakusema ni salama kwa kuwa bahari ilitulia. Bahari ilikuwa imeshachukua watoto wake. Alisema hivyo kwa sababu deni lake lilikuwa limelipwa. Mfiwa anayenyimwa ubeti huo ameambiwa atulie bila kuambiwa ashike nini. Mwalimu wa kwaya, usiukate kwa kuogopa muda. Beti zote nne hazifiki dakika sita.

Mkiufundisha, anzeni na besi. Kwenye kiitikio wanawake hutangulia na wanaume huitikia. Kwaya nyingi huharibikia hapo, teno wakiingia kabla ya sauti ya kwanza kumaliza kutamka "salama", na maneno yanagongana. Wanaume wahesabu kimoyomoyo, wavute pumzi, ndipo waitikie "salama" wanawake wakiwa wameishikilia. Jumapili hii tuuimbe hadi ubeti wa nne, tukimwomba Bwana aihimize siku ya kuja kwake.