Nilivyopanga posti za korosho za shangazi kwa kompyuta ya mezani

Jumatatu ya tarehe 6 Mei 2024, saa moja asubuhi, ukurasa wa Facebook wa kikundi cha shangazi yangu ulitangaza hivi: "Mzigo wa Dar unaondoka leo jioni. Weka oda kabla ya saa sita mchana." Juu yake kulikuwa na picha nzuri ya pakiti za korosho zimepangwa kwenye mkeka. Saa hiyo barabara ya Dar ilikuwa imekatika maeneo ya Kilwa. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimepita mwishoni mwa wiki, madaraja yamesombwa, abiria wamekwama njiani, na mimi nilikuwa bado kitandani.

Aliyeposti ni mimi, ila niliposti Jumatano ya wiki iliyotangulia. Nilikaa kwenye kompyuta, nikazipangia muda posti saba zije kutoka zenyewe, nikazima, nikaenda zangu kula nikijiona mjanja. Ilipofika saa tatu maoni yalikuwa yamejaa. Mteja mmoja aliuliza kama mwaka huu tunasafirisha kwa ngalawa.

Kabla ya aibu hiyo, lakini, mambo yalikuwa mabaya zaidi.

Shangazi na wenzake kumi wako Mikindani. Wanabangua korosho, wanakaanga, wanapakia, wanauza. Mimi nina kibanda cha steshenari Mtwara mjini: fotokopi, pasipoti saizi, laminesheni, kuchapa barua za maombi ya kazi. Shangazi alipoamua kwamba kikundi kiingie mitandaoni hakuitisha kikao. Alinipigia simu, nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Mwanangu, si wewe ndiye mwenye kompyuta?" Ikaisha. Mshahara wangu ni korosho, tena za vipande. Zile nzima ni za wateja.

Kwa miezi kadhaa nilifanya kila kitu kwa simu. Kina mama kumi na mmoja walikuwa wananitumia picha kwenye kundi la WhatsApp, usiku na mchana. Zote zikatua kwenye simu na majina kama IMG-20231014-WA0007. Jina hilo linakwambia tarehe picha ilipopokelewa na namba yake ya siku hiyo, basi. Halikwambii kama ni korosho za chumvi au za pilipili. Mteja akiuliza, "Kaka, mna W320? Nione picha," naanza kupandisha na kushusha kidole kwenye kioo. (Kwa wasiojua, namba hiyo ni daraja: takriban punje 320 kwenye ratili moja. W240 ni kubwa zaidi kwa sababu chache tu zinatosha kujaza ratili.) Nikija kuipata, mteja keshanunua kwingine. Kuna picha niliiposti mara tatu ndani ya wiki moja, na nyingine nzuri kabisa, ya mama mmoja akikaanga moshi umemzunguka, sikuwahi kuiposti kwa sababu sikukumbuka kwamba ninayo.

Nilianza kwa kuweka WhatsApp kwenye kompyuta. Programu ile inaunganishwa na simu kwa kupiga picha ya msimbo, na akaunti moja inaruhusu vifaa vinne mbali na simu yenyewe. Simu ikizimika, kompyuta inaendelea kufanya kazi, mradi simu isikae bila kutumika zaidi ya siku kumi na nne. Hapo tu nilipata nafuu kubwa. Picha nikawa nazihifadhi moja kwa moja kwenye folda na kuzibadilisha jina palepale: tarehe, aina ya korosho, tukio. Kwa mfano 2024-02-11_pilipili_kupakia. Mwaka ukitangulia, kompyuta inazipanga yenyewe kwa mfuatano, huhitaji kufikiri.

Niliwaomba pia kina mama waache kutuma picha kama picha, watume kama faili. WhatsApp inaibana picha ili iwe nyepesi, na korosho ikishabanwa inapoteza ule weupe wake. Watatu wameelewa. Wanane bado wananitumia kama zamani, na mmoja hunitumia na ua la waridi la kunitakia asubuhi njema. Nimejifunza kuishi nao.

Kitu cha pili nilichonufaika nacho ni majibu ya haraka ya WhatsApp Business. Unaandika mkwaju na neno fupi, kama /bei au /dar, maelezo yote yanajaa. Kwenye kibodi ya kompyuta ni kufumba na kufumbua.

Sasa, daftari. Hapa ndipo ninapoona watu wengi wanaruka, wanakimbilia programu ya kupangia muda. Mimi nilishawahi kuitumia TweetDeck, programu ya kuutazamia mtandao wa Twitter, enzi zile za chuo, na kilichonibakia akilini si posti zake ila zile safu. Iain Dodsworth aliitengeneza 2008, Twitter wakainunua 2011, na kufikia 2023 ikawa ya kulipia. Ilikuwa inakupa safu za kusimama, moja ya watu unaowafuata, nyingine ya waliokutaja, nyingine ya ujumbe, zote mbele yako kwa wakati mmoja, kama meza za samaki feri: unatupa jicho mara moja unajua wapi kuna nini. Nikalichukua wazo hilo la safu nikalihamishia kwenye LibreOffice Calc, programu ya majedwali ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti kabisa.

Safu zangu ni tarehe, mtandao, jina la faili la picha, maneno, na hali ya posti: rasimu, tayari, imetoka. Baadaye nikaongeza safu ya "nani aliuliza", kwa sababu niligundua posti inayopendwa sana siyo inayouza. Picha ya machweo ya ghuba ya Mikindani ilipata mioyo mingi na oda sifuri. Picha ya mkono wa shangazi umeshika mzani ilipata mioyo kumi na tatu na watu watano wakauliza bei. Bila daftari ningeendelea kuposti machweo mpaka leo.

Faida ya Calc ni kwamba kazi yote ya kuandika maneno naifanya bando likiwa limezimwa. Nikishamaliza maneno ya wiki nzima ndipo nawasha intaneti ya simu, nanakili, nabandika, nazima. Bando la wiki linanitosha wiki na kubaki. Lakini kuna siku lilinikauka ndani ya dakika ishirini: kompyuta ilikuwa imeamua kujisasisha yenyewe. Dawa yake iko kwenye mipangilio ya mtandao. Unaiambia kompyuta kwamba muunganisho huu unapimwa, nayo inaacha kupakua vitu vikubwa bila ruhusa. Kwenye WhatsApp na Telegram nako zima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe, la sivyo waridi la asubuhi njema litakula hela yako.

Umeme ni habari nyingine. Nina UPS kuukuu, betri ya akiba ya kompyuta, inayonipa dakika saba, nane ikiwa na furaha. Calc kwa kawaida huhifadhi nakala ya dharura kila dakika kumi. Mimi nimeishusha hadi mbili. Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka, ila hawakuwahi kupoteza maneno ya posti kumi na nne umeme ulipokatika.

Kwa kuposti, natumia vitu viwili. Telegram ya kompyuta ndiyo ghala na ndiyo chaneli yetu. Kuna mahali pa kujitumia ujumbe mwenyewe, nami huko natupa kila picha iliyokamilika pamoja na maneno yake, kisha naitia alama ya reli na neno, #pilipili au #mzani. Nikiwa safarini bila kompyuta, naitafuta kwa simu. Na ukibofya kitufe cha kutuma kwa upande wa kulia wa kipanya, inakuuliza kama ungependa ujumbe utoke baadaye. Kwa Facebook na Instagram natumia Meta Business Suite. Hiyo hufunguka ndani ya kivinjari, ila kivinjari kinakuruhusu kuiweka kwenye deski kama programu, ikafunguka kwenye dirisha lake peke yake. Ina kalenda ya wiki. Niliijaribu na Buffer, ambayo mpango wake wa bure ulinipa kurasa tatu na posti kumi za kusubiri kwa kila ukurasa, ni nzuri, ila mimi nilikuwa na mitandao miwili tu ya kupangia muda, nikaona sina haja.

Kalenda hiyo ndiyo iliyotuletea kituko cha saa. Shangazi alisema posti itoke saa mbili usiku, watu wakishakula. Nilimwachia mdogo wangu kazi hiyo. Akaandika 2:00. Posti ikatoka saa nane usiku wa manane, ikapendwa na mtu mmoja, jirani yetu anayelinda ghala. Nilimcheka sana, mpaka wiki iliyofuata posti yangu mwenyewe ya saa moja jioni ilipotoka saa nne usiku. Nilikuwa nimeandika 19:00 vizuri kabisa. Kumbe kompyuta niliyoinunua mtumba ilikuja na ukanda wa saa wa London, na fundi, badala ya kubadilisha ukanda, alisogeza tu mishale mpaka ikafanana na saa ya ukutani. Ukitafuta Dar es Salaam kwenye orodha ya kompyuta yangu huioni; unachagua Nairobi, saa ni moja. Karatasi imebandikwa pembeni ya kioo hadi leo: saa mbili usiku = 20:00.

Turudi kwenye ngalawa.

Kosa la tarehe 6 Mei halikuwa la programu yoyote. Posti ikishapangiwa muda haikai tena kwenye kompyuta yako. Inakaa kwenye seva za wenye mtandao, mbali huko, na saa ikifika inatoka hata kama umezima kila kitu, hata kama mvua imesomba daraja. Mimi nilikuwa na picha kichwani kwamba nikizima kompyuta, na posti inalala. Shangazi alinipigia saa tatu na nusu. Hakufoka. Alisema, "Mwanangu, watu wanataka mzigo. Utaupeleka wewe?" Ningependa angefoka.

Niliifuta ile, nikaandika kwa mkono kwamba barabara imekatika, mzigo utasubiri, aliyelipa na anayetaka kurudishiwa aseme. Wawili walitaka, wakarudishiwa. Kisha nikafungua kalenda kuangalia zile zilizobaki, na mbili zaidi zilikuwa zinataja siku ya basi. Nikazitoa.

Usiku ule nikaongeza safu moja kwenye Calc, nikaipa jina "Ahadi". Posti ikitaja siku, bei, basi au idadi ya pakiti zilizobaki, mstari wake naupaka rangi ya njano. Ya njano haipangiwi muda. Inakaa rasimu mpaka siku yenyewe, nauliza stendi, namuuliza shangazi, ndipo naiposti kwa mkono wangu nikiwa macho. Zisizo na ahadi, yaani namna ya kubangua, picha ya mabibo mekundu msimu ukianza, maelezo ya madaraja ya korosho, hizo napangia muda hata za mwezi mzima.

Haikupita wiki. Jumapili ya tarehe 12 Mei nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Kwangu ilikuwa haifungui kitu. Nikakumbuka kwamba kuna posti inayotoka siku hiyo na siwezi kuigusa. Moyo ukaruka. Nikafungua Calc, ambayo haijui habari ya nyaya, nikatazama mstari: picha ya mikono ya kina mama kumi na mmoja juu ya ungo, maneno "Leo ni Siku ya Mama." Mstari mweupe. Nikafunga kibanda nikaenda kulala.

Intaneti iliporudi kwangu nilikuta imetoka kwa saa yake kamili. Mteja wa Muscat alikuwa ameuliza tunapeleka huko au la, na chini yake ameandika tena, "Mko kimya, mnajisikia?" Nilimwomba radhi, nikamweleza habari ya nyaya, akaelewa.

Shangazi hajawahi kuishika kompyuta hii, na anasema hana mpango nayo. Lakini karatasi ya wiki namchapia, anaibandika jikoni kwa kina mama karibu na mzani, rangi na yote. Kila Ijumaa jioni ananipigia, namwamkia, anaitikia, na kabla sijauliza habari za nyumbani anasema, "Haya, za njano wiki hii ngapi?"