Sekunde moja ya Jordan-Hare

Jumamosi ya Novemba 30, 2013, timu za mpira wa Kimarekani za vyuo vikuu vya Auburn na Alabama zilianza kucheza saa nane na nusu mchana, na robo ya nne ilipoingia giza lilikuwa limeshatanda na taa zote za Jordan-Hare, uwanja wa Auburn, zinawaka. Wakati huo uwanja ule ulichukua watu 87,451. Nilikuwa jukwaa la juu na rafiki yangu wa Mwanza, aliyekuwa akiuona mpira wa Kimarekani kwa mara ya kwanza. Nilimwambia hawa ni Simba na Yanga wa jimbo la Alabama, ila hukutana mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo anayefungwa hutambiwa mwaka mzima.

Alabama walikuja wakiwa namba moja nchini, mabingwa wa 2011 na 2012, na msimu huo hawakuwa wamepoteza mechi hata moja. Auburn walikuwa namba nne. Kwa aliyewaona mwaka uliotangulia hilo lilikuwa jambo la kustaajabisha: 2012 walishinda mechi 3, wakapoteza 9, na ndani ya ligi yao ya SEC hawakushinda hata moja. Kocha akaondolewa, akaletwa Gus Malzahn.

Malzahn alibadilisha kasi kwanza. Kwa kawaida timu yenye mpira hukusanyika kila baada ya mchezo, ikaambiana mpango, ndipo ikapanga mstari. Vijana wake hawakukusanyika. Mwenye mpira akishaangushwa, wao wanajipanga na kuanza tena, walinzi wa upande wa pili bado wanahema na benchi lao halijapata nafasi ya kuingiza watu wapya. Juu ya kasi hiyo akaweka mchezo mmoja uliorudiwa mpaka mpinzani akachoka. Kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, Nick Marshall anaugandisha mpira tumboni mwa mkimbiaji Tre Mason bila kuuachia, huku macho yake yakimwangalia mlinzi wa pembeni ambaye ameachwa makusudi bila kuzuiwa. Mlinzi akimwendea Mason, Marshall anauchomoa na kukimbia nao mwenyewe. Mlinzi akibaki kumsubiri Marshall, Mason anapita nao katikati. Vyovyote atakavyochagua, amekosea.

Wiki mbili kabla, kwenye uwanja huohuo, Auburn walikuwa wameifunga Georgia 43-38 kwa pasi ya yadi 73 iliyoguswa na walinzi wawili na kumwangukia Ricardo Louis mikononi. Hiyo naikubali kuwa ni bahati. Ya Alabama siikubali, ingawa watu wengi huzitaja zote mbili kama miujiza.

Dakika za lala salama Alabama walikuwa mbele 28-21. Mpigaji wao alishakosa mikwaju miwili ya kupitisha mpira kati ya milingoti, na wa tatu ukazuiwa zikiwa zimebaki dakika mbili na ushei. Auburn wakaanza safari ya yadi 65. Akapewa Mason, akapewa tena, akapewa tena, kila mara yadi kadhaa, mpaka walinzi wote wa Alabama wakawa wanaegemea mbele hata kabla mpira haujaanza. Walipofika yadi ya 39, yaani yadi 39 kabla ya mstari wa goli wa Alabama, Marshall akafanya ishara ileile ya kumpa Mason, akauchomoa, akakimbilia kushoto. Beki aliyekuwa akimlinda Sammie Coates akamwacha mtu wake na kupanda kuja kumzuia Marshall. Hatua chache kabla ya mstari wa kuanzia mchezo, Marshall akauinua mpira na kumrushia Coates aliyebaki peke yake. Goli la pointi 6, na mkwaju wa nyongeza wa pointi 1. 28-28, sekunde 32. Kwangu mimi huo ndio mchezo mzuri kuliko yote ya siku ile, maana ulijengwa na ile mikimbio ya Mason iliyoutangulia.

Alabama wakaurudisha mpira. T.J. Yeldon akakimbia hadi yadi ya 38 ya Auburn na kutoka nje ya mstari. Saa ikasoma sifuri.

"Kaka, muda si umeisha? Wanangoja nini?" rafiki yangu akauliza.

Walikuwa wakingoja kanuni. Mwenye mpira akitoka nje, saa husimama pale anapoukanyaga mstari. Kocha wa Alabama, Nick Saban, alidai mguu wa Yeldon ulitoka kabla ya sifuri. Waamuzi wakatazama picha za marudio, wakarudisha sekunde 1. Bila sekunde hiyo mechi ingeingia muda wa ziada, ambako kila timu hupewa mpira kutoka yadi ya 25.

Saban akaamua kupiga mkwaju. Kutoka yadi ya 38 unaongeza umbali wa mshikaji anayepiga goti nyuma, kama yadi 9, kisha yadi 10 za eneo la mwisho, lililo nyuma ya mstari wa goli, hadi kwenye milingoti. Mkwaju ule umeandikwa kuwa wa yadi 57. Safari hii alipewa mpigaji mwingine, kijana Adam Griffith. Malzahn akaomba muda, na katika mapumziko hayo akambadilisha mtu wa kusimama chini ya milingoti: akamweka Chris Davis, ambaye kurudisha mipira iliyopigwa ilikuwa kazi yake ya kawaida.

Sasa waangalie waliokuwa uwanjani upande wa Alabama. Mmoja wa kuutoa mpira kwa kuupitisha katikati ya miguu, mmoja wa kuushika, mmoja wa kupiga, na wanane wa kuzuia bega kwa bega, wengi wao majitu ya kilo 130 na zaidi. Kundi hilo limechaguliwa kwa uzito. Mkwaju ukiwa mfupi na usitoke nje, kanuni inasema mpira bado uko hai, na majitu yale yanatakiwa yatawanyike uwanja mzima kumkimbiza mtu mwepesi aliyekwisha kuanza mbio.

Mpira ukapungua nguvu. Davis akaudaka karibu na mwisho kabisa wa eneo la mwisho, akaanza katikati, akakata kushoto. Wenzake walikuwa wameshageuka na kutengeneza ukuta upande huo, na Alabama wakawa wamerundikana ndani. Alipita karibu sana na mstari mweupe, kiasi kwamba mzee aliyekuwa mbele yetu alikuwa akipiga kelele huku akimtazama mwamuzi wa pembeni. Mwamuzi hakuashiria kitu. Davis alikimbia yadi 109, ingawa takwimu za vyuo huhesabu kuanzia mstari wa goli na kuandika 100. Ikawa 34-28, bila mkwaju wa nyongeza, kwa kuwa haungebadilisha chochote.

Mashabiki wakamwagika uwanjani. Wengine wakaenda Toomer's Corner, njia panda ya mjini Auburn, kurusha karatasi za chooni, ada ya ushindi pale. Miti ya mialoni ya zamani iliyorushiwa karatasi hizo ilikuwa imekatwa Aprili mwaka uleule, baada ya shabiki wa Alabama kuitilia sumu, kwa hiyo karatasi zilirushwa kwenye nyaya zilizotandazwa mahali pake.

Wiki iliyofuata Auburn waliifunga Missouri 59-42 jijini Atlanta, na Mason peke yake alikimbia yadi 304. Januari 6, 2014, huko Pasadena, wakapoteza fainali kwa Florida State 34-31, kwa goli lililoingia zikibaki sekunde 13.