Nilivyozinasa kuba za volkano za mwezini nikiwa Igombe

Mtu akikwambia usubiri mwezi mpevu ndipo upige picha za mwezini, mshukuru, kisha fanya yako. Ushauri huo ulinipotezea miezi. Aliyenipa ni mpiga picha wa harusi hapa Mwanza, na kwenye harusi simpingi hata kidogo. Lakini mwezi mpevu unamulikwa na jua usoni moja kwa moja, vivuli vyote vinapotea, na nilichokuwa nakitafuta bila kivuli hukioni kabisa.

Nilikuwa nazitafuta kuba za volkano. Mashimo ya mwezini kila mtu anayajua, na wengi wetu tunadhani ni ya volkano kwa sababu ya Ngorongoro. Kumbe karibu yote yalichimbwa na vimondo. Shimo moja, kreta ya Copernicus, lina upana wa kilomita 93, Ngorongoro yetu haifiki hata robo yake. Volkano ya mwezini itafute kwenye zile tambarare nyeusi, ambazo ni lava iliyoganda, nyingi yake zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita, na kwenye kuba, yaani vilima vya mviringo vilivyojengeka lava ilipochuruzika polepole kwenye tundu moja. Kaskazini mwa kreta ya Hortensius vipo sita, vimekaa pamoja kama familia. Kila kimoja kina upana wa kilomita kadhaa, lakini kimo chake ni mita mia chache tu. Mteremko wake ni nyuzi chache mno, ukisimama pale unaweza usijue kama uko kilimani.

Sasa kitu bapa namna hiyo utakionaje kwa darubini ya kioo cha milimita 150, ya mtumba, iliyonigharimu laki tano na ushee? Kwa kuwahi macheo. Macheo ya mwezini, siyo ya kwetu. Mstari unaotenga mwanga na giza unatembea kilomita 15 hivi kwa saa kwenye ikweta ya mwezi. Ukipita Hortensius, jua linakuwa chini sana na hata mwinuko mdogo unapata upande mweupe na upande mweusi. Usiku unaofuata jua limeshapanda, kuba zimefutika. Kwa hiyo una usiku mmoja kwa mwezi, ule wa siku ya kumi hivi tangu mwezi uandame. Kalenda ya Kiislamu iliyobandikwa ukutani inanitosha. Na wingu la ziwa likikuwahi siku hiyo, unasubiri mwezi mwingine.

Ushauri wa pili ulioniudhi ni wa jirani, tena msomi: panda juu ya mawe, huko hewa ni safi. Nikapanda na mzigo wote hadi kwenye jabali moja juu ya nyumba za Igogo, kijana wa bodaboda akinisaidia kubeba ile stendi ya mbao. Mandhari yalikuwa mazuri kweli, taa za mji wote chini yako. Lakini ndani ya darubini Copernicus ilikuwa inachemka. Kuta zake zilicheza, zikarefuka, zikavunjika, nikazungusha fokasi huku na huku hadi vidole vikauma. Nikaweka kiganja kwenye jabali: saa tatu usiku lilikuwa bado la moto! Mawe ya Mwanza yanakunywa jua kutwa nzima na kulirudisha hewani usiku, na mabati ya nyumba za chini yanaongezea lake. Nilikaa hadi saa sita nikitumaini litapoa. Halikupoa.

Ndipo nikahamia Igombe, ufukweni. Maji hayapandi na kushuka joto kama jiwe, na mwezi wa siku ya kumi, ambao saa mbili usiku uko karibu na utosi na unakuvunja shingo, kufikia saa nne au tano unakuwa umeteremkia upande wa ziwa, darubini inaulenga bila shida. Ila usijipange karibu na majani. Viboko hutoka majini kula usiku, na wavuvi walinihamisha mara moja, kwa sauti isiyo na mzaha. Nikawekwa karibu na mitumbwi yao.

Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wengi walikuwa nchi kavu. Mzee mmoja aliniamkia yeye kabla sijamwahi na shikamoo yangu. “Mwanangu, mbalamwezi hii sisi haitupi kitu. Wewe inakupa nini?” Nikampisha aangalie. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza yale mashimo yana kina gani. Nikamjibu kuwa Copernicus inakaribia kilomita 4. Akaita wenzake wote.

Kuhusu picha, simu ndiyo kamera yangu, na kuishikilia kwa mkono kwenye lenzi ya darubini ya kuchungulia ni kupoteza usiku. Vishikio vya dukani nilivyoviona vilikuwa bei ya kutisha. Fundi bomba wa mtaani kwetu alikata kipande cha bomba la plastiki, akakipasha kwenye jiko la mkaa hadi kikalegea, tukakivika juu ya lenzi tuliyoivingirisha kitambaa. Kilipopoa kikawa kimekaa sawasawa, kinatoka na kuingia bila kulegea. Nikakigundisha kwenye kava gumu la simu lililotobolewa kwenye kamera, nikalikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Gharama ni hela ya soda mbili na maneno mengi ya fundi. Chini ya miguu ya stendi niliweka vipande vya kandambili kuukuu, na mtetemo ukaisha kabisa. Hilo najivunia kuliko darubini yenyewe.

Usipige picha moja moja. Rekodi video, uache mwezi upite wenyewe kwenye lenzi. Kabla ya hapo bonyeza skrini hadi fokasi na mwanga vijifunge, kisha punguza mwanga mpaka kuta za Copernicus zisiungue. Nyumbani, kwenye kompyuta, programu ya AutoStakkert inachambua fremu, yaani picha moja moja za video, na kubakiza zile hewa ilipotulia. Mimi nabakiza moja katika kila kumi. Programu nyingine, RegiStax, inanoa picha. Zote ni za bure.

Toka Copernicus kwenda upande wa giza, kama kilomita 250, utaikuta Hortensius, na kuba zile pembeni yake. Kwenye picha yangu ya Igombe zote sita zinahesabika, na mbili zina nukta nyeusi kileleni: yale ndiyo matundu lava ilikotokea. Nilipoiona kwenye kompyuta nilimwamsha mke wangu.

Asiyetaka kusubiri siku ya kumi ajaribu kuba mbili za karibu na kreta ya Arago, siku ya tano au ya sita, kwenye tambarare ileile ilikotua Apollo 11 mwaka 1969. Mimi sasa naiwinda Mons Rümker, rundo la kuba lenye upana wa kilomita 70 hivi. Chombo cha Wachina kisicho na watu, Chang'e 5, kilitua jirani nalo Desemba 2020, kikarudi na kilo 1.7 za udongo na mawe. Rümker inataka mwezi wa siku ya kumi na mbili au kumi na tatu, kwa sababu iko karibu kabisa na ukingo wa mwezi. Wavuvi wa Igombe wameshanipa nafasi, nikakumbushwa nije na koti.