Mtoto wa moyamoya akisharudi Lubumbashi: ninavyomkinga na kiharusi

Mtoto wa moyamoya, ugonjwa ambao ateri kubwa za ubongo huziba polepole, akishapasuliwa nje ya nchi na kurudishwa hapa, ndugu hudhani hatari imebaki kule alikotoka. Kumbe siku 30 za kwanza ndizo mbaya kuliko zote. Kwa watoto wengi daktari huilaza ateri ya panja juu ya ubongo, halafu husubiri mishipa mipya iote, na hiyo huchukua miezi. Kwa sasa ubongo unategemea damu ileile kidogo ya zamani, na juu yake kuna jeraha na maumivu. Kwa hiyo silindi mshono tu. Nalinda damu inayopanda kichwani.

Naanza na maji. Kilo 10 za kwanza za mtoto, mililita 100 kwa kila kilo kwa siku, kilo 10 zinazofuata, mililita 50, zilizobaki, 20. Mtoto wa kilo 20 anahitaji mililita 1,500. Siku za mwanzo baada ya upasuaji hulenga mara moja na nusu, yaani 2,250. Wengi wa watoto hawa huku kwetu wana selimundu, hao tunaowaita SS, na kwao rangi ya mkojo inadanganya: figo zao haziwezi kubana maji, hivyo mkojo unaweza kuwa mweupe na mtoto amekauka. Namwambia mama ahesabu vikombe, si kutazama mkojo. Ikibidi serumu, yaani dripu, iwe ya chumvi 0.9%. Ile ya glukozi 5% peke yake, ambayo hutundikwa kwa mazoea, inaweza kuuvimbisha ubongo. Kwa SS nafuatilia pia damu: hemoglobini karibu na gramu 10 kwa desilita, isipite 11, na ile ya S, yenye kasoro ya selimundu, ibaki chini ya 30% ya hemoglobini yote.

Adui wa pili ni kilio. Mtoto akilia kwa kwikwi anapumua mbio, anatoa kaboni dayoksaidi nyingi, na mishipa ya ubongo inajibana. Mwenye mishipa mizima hadhuriki, huyu anaweza kupooza mkono palepale. Ndiyo maana parasetamoli natoa kwa saa, miligramu 15 kwa kilo kila baada ya saa 6, bila kusubiri alie. Vipimo vyote vya damu nachukua kwa sindano moja. Kupuliza nako ni kupumua mbio, kwa hiyo nyumbani ni marufuku kupuliza makaa ya mbabula (jiko la makaa), baluni, filimbi, hata tonge la bukari (ugali) la moto: liache lipoe.

Aspirini ni miligramu 3 hadi 5 kwa kilo kwa siku, kila siku. Ibuprofeni nakataa, kwa sababu inaizuia aspirini kufanya kazi. Akipata tetekuwanga au mafua makali, mzazi ampigie daktari siku hiyohiyo kuhusu aspirini, kwani virusi hivyo pamoja na dawa hiyo vinaweza kuharibu ini na ubongo, asiikatishe mwenyewe. Homa yoyote, kipimo cha malaria siku ileile, maana homa na kutapika vinamkausha upesi.

Jambo dogo linalosahaulika: ateri iliyohamishwa inapita mbele ya sikio. Mkono wa miwani unaobana, kitambaa cha kichwa kilichokazwa au misuko ya kuvuta vinaweza kuiziba. Ninaigusa kwa kidole kila anaporudi, nihisi mapigo.

Kijiko kikimponyoka, mdomo ukienda upande au maneno yakikwama, hata kwa dakika 5 tu, simwiti mzima. Namlaza chali bila mto, napima sukari, nampa oksijeni ikiwa imeshuka, naanza serumu ya chumvi, namtafuta daktari. Hapo ndipo kosa kubwa hutokea: mtu anaona presha imepanda, anampa nifedipini ishuke. Presha hiyo ndiyo inayosukuma damu kupita kwenye mishipa myembamba. Ikishushwa ghafla, sehemu ya ubongo inakufa.

Upande wa pili wa kichwa ukibaki kupasuliwa, naandika kwenye barua ya rufaa kwamba mtoto alazwe jioni ya kuamkia siku ya upasuaji na serumu ianze mara tu anapozuiwa kula na kunywa. Familia inabeba nakala yake mkononi.