Miaka yetu tunaihesabu kwa magari

Wiki ya saba hii tangu nirudi na bado mama akinisimulia kitu nashindwa kujua kilitokea lini. Sio kwamba kasahau, mama kumbukumbu zake zinanishinda mimi, tatizo ni kalenda anayotumia. Nyumbani kwetu Tanga hakuna mtu anayesema mwaka 1991 au 2003, utaambiwa "hiyo ilikuwa wakati wa Pijo", "hapo tuna Corolla", "aah hiyo miaka ya miguu", na wewe unatakiwa uelewe uendelee na stori. Zamani nilikuwa naelewa bila kufikiri. Sasa nimekaa Uingereza miaka 16, nikirudi nakuta kalenda imeongezwa kurasa ambazo mimi simo.

Ngoja nianze na Pijo maana kila kitu kwetu kinaanzia hapo. Ilikuwa Peugeot 504 stesheni wagoni, rangi ya maziwa, baba na baba mdogo walichanga wakainunua 1984 kwa meneja mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anaondoka nchini. Enzi hizo gari sio kitu cha kwenda na hela tu ukachagua, spea hamna, petroli ya foleni, na baba anasema kuna kipindi Jumapili mchana ilikuwa marufuku kabisa kutembeza gari ili kuokoa mafuta. Kwa hiyo mtu akiwa na gari mtaani kwetu Ngamiani, barabara nzima ina gari. Mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Bombo usiku, anagongewa mlango baba. Bibi harusi, Pijo. Maiti, Pijo. Samaki wa baba mdogo, Pijo tena, na harufu yake ilikaa mpaka mwisho wa maisha ya ile gari, mimi leo nikipita sokoni nikanusa changu akiwa juani nakumbuka siti ya nyuma kabla sijakumbuka samaki.

Ile gari nyuma ilikuwa na springi nne, mbili kila upande, ndo maana ilibeba watu tisa na magunia na haikunung'unika. Gia yake haikuwa chini, ilichomoza kwenye shingo ya usukani, na mimi ndo nilikuwa mtu wa gia. Yaani nakaa katikati mbele, baba anakanyaga kliachi anasema "mbili", navuta, anasema "tatu", nasukuma, nilikuwa na miaka tisa najiona dereva kamili, kumbe baba alikuwa anapumzisha mkono tu avute sigara yake.

Halafu baba hakuipenda Pijo kwa ajili ya kubeba. Aliipenda kwa ajili ya Safari Rally. Kwao Lushoto, na zamani yale mashindano yalikuwa ya Afrika Mashariki nzima, yalikuwa yanapandisha mpaka Usambara huko, wao vijana wanakaa kwenye kingo usiku kucha wanasubiri taa zitokeze kwenye kona. Bert Shankland, dereva aliyekuwa anaishi hapahapa Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, na Peugeot 404. Basi baba akaoa hiyo kampuni kabla hajamuoa mama. 1975 hiyo 504 yenyewe ikashinda na Ove Andersson, 1978 ikashinda tena na Jean-Pierre Nicolas, hapo ndo haambiwi kitu. Ila jirani yetu alikuwa na Datsun, na Datsun wamechukua miaka minne mfululizo na Shekhar Mehta, 1979 mpaka 1982, kwa hiyo ubishi ulikuwa unaanza baada ya isha pale barazani na unaishia mmoja kabeba kiti chake kaingia ndani bila kuaga. Kesho yake asubuhi Datsun haiwaki, inasukumwa na nani? Baba. Na akimaliza kusukuma anafuta mikono anasema "Mehta msalimie".

Na mlango. Mlango wa nyuma kushoto baba mdogo aliurudisha kinyumenyume kwenye mnazi, ukanyooshwa na fundi lakini haukurudi kuwa mlango wa kawaida. Kuufunga kulikuwa na namna yake, unaunyanyua kidogo, unauvuta, halafu unaupiga na nyonga, pa! Na mwenye nyonga ya kuuweza alikuwa mama peke yake. Sisi wote tungeupiga ungebaki unachungulia. Kwa hiyo mama alikuwa anakaa nyuma kushoto, sio mbele, watu walidhani ni heshima ya mke wa Kisambaa kumbe ni ufundi.

Pijo haikufa kwa injini. Injini ilikuwa nzima kabisa. Iliuliwa na chumvi, hewa ya bahari ya Tanga inakula bati kama mchwa, mpaka mvua ikinyesha tunaona barabara kupitia miguuni. 1993 ikauzwa chuma chakavu, baba hakutoka nje siku wanakuja kuichukua.

Ndo ikaingia miaka ya miguu, minne, sina cha kusimulia humo zaidi ya vumbi na kuchelewa shule. 1997 ikaja Corolla, iliyotumika Japan ikapitia Dubai, enzi ya Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, ilishalegeza mambo muda tu na mtaani magari yalishakuwa mengi. Corolla ilikuwa gari nzuri sana na hakuna anayeisimulia. Haikuharibika, haikuchemka, haikumwacha mtu njiani, mtu asiyekusumbua unamsahau.

Gari yangu mwenyewe ya kwanza ni Starlet, Dar, 2004. Nyekundu, EP82, injini ile ya 4E cc 1300, namba A, yaani herufi za usajili zinaanzia na A. Juzi nimemwambia mpwa wangu nilikuwa na namba A akacheka mpaka akakaa chini, kwa sababu siku hizi namba zimeshafika E na ukiwa na A watu wanajua mkweche huo, lakini kaka eeh, mwaka ule A ndo ilikuwa mpya! Nilikuwa naiosha Jumamosi kwa shampoo ya nywele zangu. Mvua moja kubwa nikabishana na maji pale Jangwani, watu wananionyesha kwa mikono dada usipite, mi nikapita, katikati ikazima kimya kama mtu kaziba mdomo. Wakatokea vijana sita sijui saba wakaisukuma, elfu tano wote, na mmoja akanibebea viatu. Nilikasirika siku ile. Leo ndo naona ile siku ilikuwa tamu, na sababu yake ni Reading, mji niliokuwa naishi Uingereza.

Reading nilikuwa na Micra, ile ya duara kama embe, K11, zilikuwa zinatengenezwa hukohuko Uingereza, Sunderland. Nilikaa nayo miaka sita na sina jina la utani hata moja la ile gari. Kosa sio lake. Ilikuwa inanipeleka zamu ya usiku na kunirudisha, asubuhi nakwangua barafu kwenye kioo na kadi ya benki, naingia, natoka. Kule kila mwaka gari lazima ipimwe, MOT wanaita, na mwaka wa mwisho ikafeli, fundi kanionyesha chini kumeoza, eti wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu na ile chumvi inakula bati. Nikacheka, akanishangaa. Kusafiri kote huko chumvi imenifuata! Nilitaka kumsimulia Pijo lakini Kiingereza changu cha siku ile hakikutosha na yeye alikuwa na gari nyingine inasubiri. Na siku moja niliacha taa zikiwaka usiku betri ikalala, nikasimama nje na kile kibaridi nasubiri mtu apite tusukume, watu wanapita, wanasema "samahani" wanaendelea. Hatimaye nikapiga simu ya kulipia akaja mtu na waya akanibusti, dakika nne, kaandika risiti kaondoka. Hakuniuliza hata natokea wapi.

Sasa hapa ndo penye uzito. 2013 kaka akasema baba anachoka kwenda kliniki na bajaji, tutafute gari. Nikatuma hela, tukaagiza Spacio kutoka Japan, ikakaa majini wiki nyingi, ikafika bandarini, ushuru ukakaribia bei ya gari yenyewe nikatuma tena. Namba C. Nilinunua mimi ile gari. Nililipia matairi, bima, shokapu mbili za mbele, najua risiti zake zote. Honi yake naijua, wakija kunipigia video wapwa zangu walikuwa wanaibonyeza, "mama mkubwa unasikia gari yako?" Baba alifariki 2015, wakati wa Spacio, ndivyo wanavyosema hapa, "wakati wa Spacio". Alfajiri kafariki, alasiri wameshamzika Lushoto, walimpandisha na gari ya kukodi na Spacio nyuma yake imejaa kina mama, mi niko kwenye basi naenda kazini nasoma meseji. Makaratasi yangu yalikuwa bado, ningetoka nisingerudi. Ndo hivyo.

2019 wakaiuza. Iko Korogwe, teksi, nimeambiwa imepigwa rangi nyeupe.

Mimi sijawahi kuikalia ile gari. Hata dakika moja. Juzi tunakula, mama anasema "si unakumbuka tulivyoenda Pangani na Spacio, tukapata pancha, mpwa wako akalia", nikasema mama mimi sikuwepo, akanitazama kama namdanganya. "Ulikuwepo. Ulikuwa kwenye simu."

Nilipotua Dar kaka alinifuata na IST ya rafiki yake, tukatoka alfajiri kupitia Bagamoyo, Msata. Njia nzima najikaza nisiulize hii nini ile nini kama mgeni. Nilikuwa nasubiri Wami. Lile daraja la zamani lilikuwa jembamba, mnapita upande mmoja wengine wanasubiri, na mteremko wake ulikuwa unamfanya mama asome dua kwa sauti, baba anasema "mama fulani nisaidie breki lakini sio kwa kelele". Nikajiandaa kabisa. Kaka anaendelea kupiga stori, mara naona tunapanda, namuuliza Wami iko wapi? "Tumeshapita dada, daraja jipya hilo." Pana, limenyooka, nimevuka bila kujua. Ni zuri, malori yanapishana, sina ninachodai, ila dua yenyewe nilikuwa nimeshaianza.

Muheza tukasimama tukanunua machungwa. Hapo hakujabadilika kitu, bado wanakimbilia dirishani kabla gari haijasimama.

Sasa tunatafuta gari, maana mama ana miadi ya magoti kila mwezi. Kwenye hili familia imegawanyika vipande vitatu. Kaka anataka IST, anasema spea zake zipo mpaka kwa muuza maandazi. Mdogo wangu anataka Raum kwa sababu mlango wa nyuma unateleza, mama hahangaiki. Mpwa wangu anataka Crown, huyo tumemwambia akanywe maji. Mimi moyoni, nicheke tu, nilikuwa natafuta 504. Nimeuliza fundi mmoja mzee Makorora, overoli yake ina umri wangu, akaniambia "dada, nakutafutia, naipata, halafu spea unanunulia wapi, peponi?" Tukakaa saa nzima tunaongelea kabureta. Hakunitoza kitu, na alimkumbuka baba, alimkumbuka kwa gari kwanza, "aaah, ile ya maziwa yenye mlango".

Jumamosi iliyopita kuna mtu kaleta Raum tuione, namba D, safi, kilomita zake sijaziamini lakini safi. Kaizungusha, kafungua boneti, kaka kainama huko na tochi ya simu wakati ni saa sita mchana. Muuzaji kijana wa watu na adabu zake, kamfungulia mama mlango wa mbele, "karibu mama yangu, keti hapa uone nafasi". Mama hata hakumjibu, kazunguka na fimbo yake mpaka nyuma kushoto. Kijana kakimbilia kumweleza kwamba huu unateleza mama, unagusa tu unajifunga wenyewe. Mama kaingia kwanza, kakaa, kapapasa siti, katoka tena. Kaushika mlango, kaunyanyua kidogo.

"Mama huo hau..."

Pa!

Kijana katazama mlango, katazama nyonga, katazama mimi. Kaka huko kwenye boneti kacheka mpaka tochi ikaanguka ndani ya injini, na tukahangaika nusu saa kuitoa.